Pete Kumi na Nane za Kibirichia

Siku nilipowaachia funguo za karakana mlinikatia keki, mkanifunga leso mpya, mkatoa hotuba ndefu kuliko za chifu wetu. Sikulia, ingawa najua mlikuwa mnaningoja nilie. Halafu mmoja wenu, simtaji maana anajijua, akaniuliza huku mdomo umejaa keki, "Mama Karimi, kwani lile neno la Kizungu pale juu ya mlango lilitoka wapi?" Miaka yote hiyo amepita chini ya bango lile kila asubuhi, anafungua kufuli, anaingia, na hajawahi kujiuliza. Nilimwambia nitamwandikia. Ndiyo haya. Someni nyote mnaoshika tupa, na msisome mbio mbio kama mnavyong'arisha pete siku ya Ijumaa.

Vyeo sitavitaja. Duka letu lilikuwa na vyeo viwili tu, mwenye duka na sisi wengine. Mishahara nayo iacheni ilale, imeshalika.

Nilishuka Meru mjini kutoka Kibirichia miaka kumi na kitu baada ya Uhuru, nina cheti cha kidato cha nne kwenye bahasha na viatu vya dada yangu miguuni. Kwetu ni viazi. Baba viazi, mama viazi, na mimi mikono yangu ilikuwa bado ina udongo kwenye kucha hata baada ya kuisugua kwa jiwe. Nilikuwa natafuta kazi ya ukarani, yoyote ile. Kwenye mlango mmoja karibu na msikiti palibandikwa karatasi: anatakiwa karani ajuaye Kiingereza. Nikaingia.

Ndani alikaa mzee mfupi mwenye kofia nyeupe na miwani iliyopasuka kioo kimoja. Huyo ndiye Mzee Abdalla, sonara, mzaliwa wa Lamu, ambaye ndugu yake alikuwa akiendesha lori la miraa la Maua. Alimfuata ndugu huku bara kwa wiki mbili, akakaa maisha yake yote. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, ukimsikiliza unaona aibu kufungua mdomo. Changu kilikuwa cha mlimani, mnakijua. Lakini Kiingereza hakukijua, na mafundi wa Nairobi waliomuuzia fedha na dhahabu walimwandikia kwa Kiingereza kitupu.

Alinisukumia penseli. "Binti, niandikie kwa lugha yao hicho tukiuzacho hapa."

Nikaandika pete, bangili, herini, kila kimoja kwa jina lake.

"La, la. Wana neno moja linalobeba vyote."

Nikaandika jewellery. Akaichukua karatasi, akatoka nayo nje hadi chini ya bango, akawa anaangalia juu, anaangalia karatasi, kidole kinapita herufi baada ya herufi. Wapita njia walisimama kumtazama. Akarudi. "Zimetimia. Wawili waliokutangulia walipunguza. Wa tatu aliongeza, sijui alizitoa wapi." Basi, hapo nikawa karani.

Nawaambia namna ya kuliandika, kwa sababu risiti zenu za siku hizi zinanitia aibu. Unaanza na jewel, jinsi lilivyo. Unaongeza l ya pili. Kisha e, r, y, na hicho kimkia cha mwisho ndicho kinachokusanya mapambo yote yawe kundi moja. Ukitaka kumtaja fundi, ni jeweller. Wamarekani wanatoa l moja na e moja, na hakuna anayewafunga kwa hilo.

Hilo la Wamarekani nililijua kwa ugomvi. Kulikuwa na mwalimu wa kujitolea kutoka kwao, akifundisha sekondari upande wa Kiirua, kijana mrefu mwenye ndevu nyekundu. Alinunua bangili ya mama yake, akasoma risiti yangu, akatabasamu, akasema nimezidisha herufi. Mimi! Mtu niliyepata kazi kwa neno hilo! Nilimwambia, "Mwalimu, hizo herufi zilikuwa hapa kabla hujazaliwa." Alicheka mpaka akashika meza. Siku ya soko iliyofuata akaja na kamusi nene, tukaifungulia juu ya meza ya mizani. Kumbe namna zote mbili zimo. Tukaendelea kusoma maandishi madogo ya chini. Waingereza walilikopa neno kwa watu waliosema Kifaransa cha zamani, enzi zile watu hao walipowatawala. Na nyuma ya Kifaransa kuna Kilatini, ila huko wataalamu hawajakubaliana. Wengi wanadhani ni neno la mchezo, la mzaha, kitu cha kuchezea. Wengine wanasema hapana, ni neno la furaha.

Nikamtafsiria Mzee Abdalla. Alivua miwani. "Mzaha? Mgongo huu umepinda kwa mzaha?" Akakasirika kweli, akakataa hata chai. Baadaye akasema, "Sisi twasema johari. Waarabu waliipata kwa Waajemi, na maana yake ni kiini, asili ya kitu. Hapo nakubali. Na sonara ni neno la Wahindi, limetoka kwenye dhahabu yao." Nikamuuliza, sasa kama kito ni cha Waajemi, fundi ni wa Wahindi, bango ni la Wafaransa, sisi tuna nini hapa ndani? Akachochea makaa. "Jiko," akasema. "Jiko ni letu." Halafu akaongeza kwamba hiyo ya furaha anaweza kuisamehe, maana ameona nyuso za watu wakivishwa.

Barua zilikuwa zinaisha kabla ya saa nne. Baada ya hapo nilikaa tu, na mimi kukaa sijui. Nikaanza kuchukua tupa. Mzee alisema mwanamke hakai mbele ya jiko la sonara. Nikamuuliza nyumbani kwake nani anakaa mbele ya jiko. Alinificha tupa siku mbili. Siku ya tatu akanipa kipande cha shaba, akasema nikipige tupa mpaka kiwe bapa pande zote. Nilikipiga tupa wiki nzima. Alikiinua kwenye mwanga, akakirudisha. "Tena." Mnaolalamika kwamba mimi ni mkali hamkumjua Mzee Abdalla.

Lililonitesa zaidi ni lile bomba la shaba la kupulizia moto. Lazima upulize bila kukata, maana moto ukikatika kilehemu, kile cha kuungia pete, kinaganda nusu na kazi imeharibika. Unavuta hewa kwa pua huku mashavu yanaendelea kusukuma. Nilijifunza kwa kupuliza ndani ya kikombe cha maji, wateja wakiingia wananikuta nimevimba mashavu kama mtu wa matubwitubwi. Wanaume wawili wa Mikinduri walirudi nje wakidhani duka lina mgonjwa. Pete yangu ya kwanza iliyeyuka. Ya pili pia. Ya tatu Mzee aliivaa kidole cha mwisho, akaizungusha, akasema, "Haya." Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa kabisa, na niliondoka mle ndani naruka ruka barabarani mtu mzima.

Sasa niwaambie kazi iliyonifanya fundi. Mnaionea fahari picha ile ya ukutani ya wazee wamevaa suti kubwa kubwa mbele ya kanisa la mabati, lakini hamjui ilivyokuwa karibu kuwa msiba.

Kanisa letu kule Kibirichia liliamua kubariki ndoa za wazee. Hawa walikuwa watu waliooana kimila zamani, mahari ilitolewa, watoto wamezaa, wajukuu wamepata, lakini pete hawakuvaa. Na kwa sheria ya kanisa lile, ambaye ndoa yake haijabarikiwa hashiriki Meza ya Bwana. Siku ya Meza walikuwa wanatoka nje pamoja na watoto, watu wenye mvi. Jozi tisa zilikubali kubarikiwa siku moja, Jumamosi, na Mwinjilisti Zakaria aliniletea kazi yote mimi kwa sababu ni binti wa huko. Pete kumi na nane za fedha. Mzee Abdalla, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, akasema, "Zichukue. Zote ni zako." Nilijivuna, siwafichi.

Wazee wale hawangeshuka mjini wote kupimwa vidole. Mwinjilisti alizunguka akawapima kwa uzi, kila uzi na fundo lake na jina lake kwenye karatasi. Mimi nikazipokea nyuzi kumi na nane, nikatengeneza pete kwa nyuzi. Nilikata, nikapinda, nikalehemu, nikafua, nikang'arisha. Zilikuwa nzuri. Nilizipanga kwenye kitambaa nikamwita Mzee, na alizigusa moja moja bila kusema "tena" hata mara moja.

Ijumaa mchana, siku moja kabla, aliingia dukani Mama Kaari. Ni jirani yetu kule nyumbani, mama mnene kidogo, mwenye sauti ya chini, ndiye aliyenifundisha kuchagua mbegu za viazi nilipokuwa msichana. Alikuwa ametoka sokoni na akataka kuiona pete yake. Nikampa kwa madaha. Akaivaa. Ikafika kwenye kifundo cha kidole, ikasimama.

"Imekataa," akasema.

"Sukuma kidogo, Mama."

Alisukuma. Nilisukuma. Kidole kikawa chekundu. Nikachukua uzi wake nikauzungusha kwenye pete, vikalingana barabara. Nikauzungusha kwenye kidole, haukufika.

Mama Kaari alikaa kwenye benchi. Akaniambia jambo ambalo Mwinjilisti hakuniambia. Mume wake, Mzee M'Rukunga, alikuwa amekataa mambo ya pete tangu watoto wao wakiwa wadogo. Kila mwaka Mama Kaari alimbembeleza, kila mwaka jibu lilikuwa lile lile: mimi nilimaliza mambo ya mbuzi wa mahari kitambo, huyu ni bibi yangu, pete ni ya nini? Mwaka huu alikubali. Lakini alisimama mbele ya wazee wote wa kanisa akasema, nitakuja, ila pete ikikataa kidole changu, ni Mungu amekataa, na nisiulizwe tena mpaka nife.

"Na kama yangu imekataa, yake je?" akasema. "Karimi, mimi sina nguvu ya kumbembeleza mwaka mwingine. Nimechoka kutoka nje na watoto."

Hakulia. Afadhali angelia. Aliokota kikapu chake akaenda kutafuta gari la kurudi, na mimi nikabaki na pete kumi na nane ambazo nilikuwa na hakika sasa kwamba zote ni ndogo.

Nilingoja kufokewa. Mzee Abdalla aliuliza kwa upole, jambo ambalo ni baya zaidi. "Nyuzi zile zilipimwa saa ngapi?"

"Asubuhi na mapema. Kabla watu hawajaenda shambani."

"Kibirichia."

"Ndiyo."

"Mwezi wa saba."

Mwezi wa saba kule kwetu nyasi za alfajiri zinakuwa nyeupe kwa baridi, maji ya ndoo yanauma. Vidole vinajikunja, vinapungua, mtu hawezi hata kufunga kifungo. Zakaria alipima vidole vilivyoganda, tena alipima shinani ambako ni kwembamba, si kwenye kifundo. Na vifundo vya mtu aliyeshika jembe miaka arobaini ni vinene kuliko shina. Harusi ilipangiwa saa tano, jua limetoka.

"Binti," akasema Mzee Abdalla, "mimi mtu wa Lamu ndiye nije nikufundishe baridi ya kwenu?"

Naandika hili ili mlikumbuke. Uzi haukukosea, na Zakaria hakukosea, yeye ni mwinjilisti. Aliyekosea ni fundi aliyepokea kipimo bila kuuliza. Nilikuwa na aibu hadi masikio yanawaka.

Mzee akainama chini ya meza, akatoa ule mtaimbo wake mdogo wa chuma, ile fimbo iliyochongoka ya kuzungushia pete, ambayo hakuwahi kumwazima mtu. Akaufunga kwenye gunia pamoja na nyundo ya pembe, bomba, koleo, bunda la pete za kupimia na kopo la vipande vya fedha. "Kesho waipeleka karakana kwao. Mimi miguu hainipeleki. Usipime mpaka jua liwachome."

Jumamosi nilipanda lori la viazi lililokuwa linarudi tupu, nimekaa na gunia langu mapajani. Kufika kanisani ni saa mbili, na wazee wameshafika, wanaume kwa makoti mazito na wanawake kwa vilemba vyeupe, wanapuliza mikono. Nikamweleza Mwinjilisti Zakaria kila kitu. Maskini, alitaka kuanguka.

"Basi wapime sasa hivi! Unangoja nini?"

"Nangoja vidole viive," nikamwambia. "Waimbishe."

"Nini?"

"Waimbishe nyimbo za makofi, Mwinjilisti. Nne hivi. Makofi ya nguvu."

Nawaambia kanisa lile halijawahi kuona mazoezi ya kwaya kama yale. Wazee wa miaka sitini na sabini walipiga makofi uani, jua linapanda, makoti yakaanza kuvuliwa. Ilipofika saa tatu na nusu nikapita na bunda la kupimia, kidole kwa kidole, kifundo kwa kifundo. Pete zote zilikuwa ndogo, nyingine kwa unywele na nyingine kwa unene wa kucha.

Fedha iliyofuliwa ni ngumu, ukiigonga hivyo hivyo inapasuka. Lazima kwanza uilainishe kwa moto mpaka iwe na wekundu hafifu, uizime majini, ndipo uivishe kwenye mtaimbo na kuigonga polepole ukiizungusha, ijinyooshe bila kuchubuka. Moto niliupata kwa akina mama waliokuwa wanapikia sherehe nyuma ya kanisa. Mkuu wao aliniangalia na gunia langu. "Kaa hapo kwa makaa, lakini mchele wangu usiguse." Nikausimika mtaimbo kwenye kisiki cha kupasulia kuni, nikapiga magoti, nikaanza.

Watu wakaja kutazama. Mwanamke anapuliza moto kwa bomba, mashavu yamejaa, hawakuwa wameona. Nikasikia nyuma yangu, "Huyu ni wa nani?" "Si ni yule wa M'Ikiara, wa kule juu? Yule walisema ameenda mji kuandika barua." "Barua gani hizi?" Wakacheka, na mimi mdomo una bomba siwezi kujibu. Lakini mkono ulikuwa umetulia. Kila pete iliyomalizika Zakaria aliibeba kwenye sahani, anakimbia nayo, inavaliwa, anarudi anapiga kelele, "Imeingia! Lete nyingine!" Ya kumi ikaingia. Ya kumi na tatu. Ya Mama Kaari ilipoingia alikuja mwenyewe jikoni kunionyesha, mkono juu. Kufikia saa nne na nusu zilikuwa zimetimia kumi na saba.

Mzee M'Rukunga alikuwa amekaa peke yake kwenye jiwe karibu na uzio, mkono wa kushoto ndani ya mfuko wa koti. Hakuimba, hakupiga makofi, hakupimwa. Zakaria alimwendea mara mbili akarudi mikono mitupu.

"Uzi mlichukua," alikuwa anasema mzee. "Pete ni ile ile. Hiyo ya kugonga gonga si maneno yangu. Iingie, isiingie, Mungu ataonyesha."

Nilimwona Mama Kaari amesimama mlangoni mwa kanisa, ameshika kilemba chake. Nikainuka na masizi usoni nikaenda mbele ya yule mzee. Wengine wote walikuwa wananisikia, watu wa kwetu wote, na baba yangu yumo.

"Mzee," nikasema, "usimsingizie Mungu. Hiyo pete ni mimi niliharibu."

Akaniangalia.

"Nililetewa kipimo cha baridi nikakikubali bila kuuliza. Nimezaliwa hapa na sikuuliza. Pete zote kumi na nane nilizikosea. Hizo zingine nimezitengeneza mbele ya macho ya watu. Hiyo yako ikikataa, jina la aliyekataa ni Karimi, si Mungu. Sasa lete kidole."

Jamani, kusema mbele ya kijiji kizima kwamba umeharibu kazi, siku ya kwanza wanakuona na kazi! Nilidhani nitakufa pale. Mzee M'Rukunga alitazama watu, akanitazama mimi, akatazama masizi yangu. "Huyu anasema ukweli," akasema kwa sauti ya mshangao, akatoa mkono mfukoni.

Kumbe sababu nyingine ya kuuficha ilikuwa ile. Kidole chake kilivunjwa na mkokoteni wa ng'ombe zamani, kikajiunga chenyewe, kifundo kimekua kama tangawizi. Alikuwa anaona haya. Nilijaribu pete za bunda, nikafika kubwa ya mwisho ndipo ikapita, na chini ya kifundo kidole kilikuwa cha kawaida. Pete yake isingenyooka kiasi hicho bila kukatika. Ilibidi niikate, niongeze kipande, nilehemu upya. Na hapo hapo kengele ikalia.

"Waingize," nikamwambia Zakaria. "Mwambie mchungaji aombe."

"Aombe nini?"

"Aombe kila kitu!"

Mchungaji, Mungu ambariki, aliomba. Kutoka jikoni nilimsikia akiombea mvua, mifugo, serikali, walimu, wagonjwa wote kwa majina, na bei ya viazi. Nilikata pete, nikachagua kipande kwenye kopo, nikakipiga tupa mpaka kikakaa kwenye pengo bila kuonyesha mwanga. Nikaweka kilehemu, nikavuta hewa kwa pua, nikapuliza. Akina mama waliacha kukoroga. Kilehemu kikang'aa, kikakimbia kwenye kiungo, kikajaa. Majini. Kwenye mtaimbo. Tupa mara tatu. Mkuu wa wapishi akachovya kidole kwenye mafuta ya kupikia akaipaka pete ndani bila kuulizwa, akaniambia, "Kimbia."

Nikaingia kwa mlango wa pembeni jozi ya nane wakiwa wanaapa. Mzee M'Rukunga na Mama Kaari walikuwa wa mwisho. Nikaiweka pete kwenye sahani, bado ina joto. Mama Kaari akaichukua, akashika ule mkono, akaivisha. Ilifika kwenye kifundo ikasimama. Mzee aliangalia juu kwenye mabati. Mama Kaari akaizungusha kidogo, kama mtu anayefungua kifuniko, na ikapita. Ikateremka hadi chini.

Vigelegele vilivyolia pale nadhani Kiirua walivisikia. Mwinjilisti Zakaria aliruka, mtu mzima na kola yake. Mimi nilikaa chini sakafuni nikacheka na kulia, na leo natamka wazi kwamba nililia, mwenye kunicheka anicheke. Muda mfupi baadaye Meza ilitandazwa. Mama Kaari alipanga mstari pamoja na wengine, akapiga magoti, akapokea, akarudi kwenye kiti chake cha katikati ya kanisa. Watoto walitoka nje bila yeye.

Jumatatu nilimrudishia Mzee Abdalla mtaimbo wake. Alishasikia, maana habari za Kibirichia zilishuka na malori ya viazi kabla yangu. Hakuupokea. Akahamisha kiti chake kando ya dirisha, akaweka changu mbele ya jiko, akasema atakuwa ananisomea hesabu ya vipimo na mimi nifanye kazi. Kuanzia wiki ile wakaja watu kutoka Kiirua, kutoka Mikinduri, na wengine kutoka Embu, wakiuliza yule mama wa kugonga pete kanisani. Nimekaa kwenye kiti kile mpaka mwaka huu.

Lakini Jumamosi yenyewe sijaimaliza. Baada ya ibada tulikaa kwenye nyasi, nyama imeiva, maji ya kunawa yanapitishwa. Mzee M'Rukunga, mtu nadhifu, alitaka kuvua pete yake mpya isiingie mafuta. Akavuta. Akazungusha. Akaomba sabuni, akapaka mpaka mkono ukawa mweupe, akavuta tena huku amekunja uso. Kile kifundo cha tangawizi kilikuwa kimekaa mlangoni.

"Fundi!" akaniita mbele ya watu. "Wewe fundi! Hii kitu haitoki!"

Nikafungua mdomo nimweleze mambo ya vifundo na vipimo. Mama Kaari alikuwa anapakua mukimo wa viazi, hata hakugeuka.

"Mimi niliagiza iingie," akasema. "Ya kutoka hakuna mtu aliniuliza."